Mjomba, nijaze "Hapana" kwenye fomu ili niende kwa vyura wa sumu?

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 27, mzaliwa wa Muheza. Kwa sasa niko Ujerumani nasoma shahada ya uzamili ya baiolojia. Miezi miwili iliyopita msimamizi wangu aliniita ofisini akaniambia nimepata nafasi kwenye timu inayokwenda Kolombia, pwani ya Pasifiki, jimbo la Cauca, kwa miezi minne. Kazi ni kumfuatilia chura wa dhahabu, Phyllobates terribilis, tujue anakula nini na chakula hicho kinaongezaje au kupunguzaje sumu yake. Mjomba, nilitoka pale natembea kama nimelewa. Mimi ni yule mtoto aliyekuwa akificha viluwiluwi kwenye kopo la mafuta ya kupikia chini ya kitanda.

Tatizo la kwanza ni mama. Kaka yangu alimwonyesha video kwenye simu inayosema chura mmoja wa aina hiyo anaweza kuua watu kumi. Tangu hapo nikipiga simu ananieleza habari za mahindi, kisha ananyamaza. Juzi akasema, "Ukienda, nenda. Lakini radhi yangu usiitafute." Mama yangu si mtu wa kusema maneno hayo ovyo. Sikulala.

Tatizo la pili hakuna anayelijua. Kabla ya kuja huku nilikuwa msaidizi wa utafiti kwenye msitu mmoja wa pwani kwetu, wakati wa masika. Usiku mmoja nilikamata chura mweusi anayeng'aa kama mpira, ana michirizi miwili myekundu mgongoni. Harukiruki, anatembea. Nilipomshika alijaza upepo, akainamisha kichwa. Nilikaa naye mkononi kama dakika kumi nikimpima, bila glavu, na mikono ilikuwa na mikwaruzo ya miiba. Kiongozi wetu alikuwa ametuambia vyura wa huku hawana sumu na glavu ni mapambo. Nusu saa baadaye mkono ulivimba, kichwa kikapasuka, nikatapika, pumzi ikawa nzito. Niliwaambia wenzangu nimekula maharage yaliyochacha. Hadi asubuhi nilikuwa nimepata nafuu, nikanyamaza, maana nilijua watanirudisha mjini.

Sasa nimeletewa fomu ya afya. Swali la tisa linauliza: je, umewahi kudhurika kwa kugusa mnyama yeyote? Natakiwa kuirudisha Ijumaa. Nikijaza "Ndiyo", naona nafasi inakwenda kwa mwingine. Nikijaza "Hapana", nani atajua? Naandika haya nimeshang'ata kucha hadi nyama, tabia yangu ya tangu utotoni nikiwa na wasiwasi.

Nijaze nini? Na mama nimwambie nini?

Binti wa Muheza

*

Marahaba, mpwa wangu.

Umeniita mjomba, basi mama yako ni dada yangu, na nitamtetea yeye kidogo kabla sijakutetea wewe.

Nimekaa na vyura zaidi ya miaka ishirini, Usambara, Uluguru na Udzungwa, mpaka magoti yakanistaafisha. Kolombia sijafika. Lakini huyo chura wako namfahamu kwa kumsoma, kama anavyofahamika kwa kila mtu wa kazi yetu.

Video ya kaka yako si uongo. Charles Myers, John Daly na Borys Malkin, waliomtambulisha chura huyu kisayansi mwaka 1978, hawakumwita terribilis, yaani wa kutisha, kwa utani. Ngozi ya chura mmoja aliyekomaa hubeba kama miligramu moja ya sumu iitwayo batrakotoksini, na kiasi kinachokadiriwa kumuua mtu ni moja ya tano ya hapo, au pungufu. Makadirio hayo yametokana na panya wa maabara, ndiyo maana mmoja atakwambia watu watano, mwingine kumi, mwingine ishirini. Usibishane na mama kuhusu idadi. Yeye anamhesabu mmoja tu.

Ukitaka kumweleza inavyoua, mwambie hivi: neva na misuli yetu ina vijilango vya kupitisha sodiamu, hufunguka na kufunga mara nyingi kwa sekunde moja. Sumu hii huvikwamisha vikiwa wazi. Misuli inakakamaa, moyo unapoteza mapigo yake. Dawa ya kuipinga haipo. Wawindaji wa Emberá, wenyeji wa misitu hiyo, kwa desturi yao ya zamani walisugua ncha za mishale yao ya kupuliza mgongoni mwa chura aliye hai, wakamwachia aende zake, na mshale huo ulibaki na makali mwaka mzima na zaidi.

Upande wa pili ni kwamba chura huyu hakufuati. Hang'ati, hana mwiba, na ngozi yako ikiwa nzima sumu haipiti kirahisi. Ni lazima wewe mwenyewe uifungulie mlango, na milango ni mitatu: kidonda, jicho na mdomo. Daly, ambaye alitumia maisha yake kuchambua sumu za vyura, alikuwa na mtindo wa kumgusa chura kisha kuonja kidole kwa ncha ya ulimi. Ulimi ukiwaka, anajua ngozi hiyo ina kitu cha kupeleka maabara. Usije ukasema Mjomba alikuruhusu.

(Na usizoee kusema "chura hachomi". Brazil wako wanaochoma. Mtafiti Carlos Jared wa Taasisi ya Butantan alimshika chura aina ya Corythomantis greeningi, akachomwa mkononi na vimiiba vya kichwani mwake, na maumivu yakapanda mkono kwa saa tano. Yeye na wenzake waliandika habari hiyo mwaka 2015. Alibahatika, maana binamu ya chura huyo, Aparasphenodon brunoi, ana sumu kali kuliko ya nyoka wengi wanaoogopwa huko.)

Sasa nikwambie mstari ulionifanya nivue miwani. Si swali la tisa, wala si radhi. Ni kucha. Umeuandika kama mtu anayetaja hali ya hewa. Mpwa, mtu anayeng'ata kucha hadi nyama ana vidonda kumi vidogo kwenye vidole kumi, na vidole hivyo vinakwenda mdomoni vyenyewe bila kuomba ruhusa, hasa akiwa na wasiwasi. Utaniambia utavaa glavu. Utazivaa, na jioni utazivua kambini, umechoka, mvua inapiga turubai, unawaza sampuli zilizolowa, na kidole kitakuwa mdomoni kabla hujajua.

Chura wako wa masika anathibitisha hilo. Kwa jinsi ulivyomweleza, huyo ni Phrynomantis bifasciatus, na aliyekwambia vyura wa kwetu hawana sumu alikudanganya, labda bila kujua. Ute wake ukiingia kwenye mkwaruzo huleta mambo hayo hayo uliyoyataja: uvimbe, kichwa, kichefuchefu, pumzi nzito. Yaani mwili wako umeshafanya mtihani huu mara moja, kwa chura mdogo wa mashambani, na mlango ulikuwa mikwaruzo ya mikono.

Kuhusu mikono nina ujanja wa kizamani. Wako wanaofundisha "mkono mmoja wa chura, mmoja wa mwili", na chura humpa mkono wa kulia kwa kuwa ndio hodari. Kwetu hapana. Sisi tunakula kwa mkono wa kulia. Mkono huo umezoea kwenda kinywani tangu tunaachishwa ziwa, hata gizani unaijua njia. Chura mpe wa kushoto. Utasumbuka wiki mbili, kalamu itakudondoka, wenzako watacheka. Mimi nilichekwa sana.

Glavu ziwe za nitrili zisizo na unga, jozi mbili, zisuuzwe kwa maji kabla ya kumshika chura. Za lateksi achana nazo. Ngozi ya chura hunywa kila kitu, na viluwiluwi wamekufa kwa kugusana nazo. Hapo ndipo utakutana na ugomvi ambao vitabu huupitia haraka: dawa ya mbu ya kupaka. Ukijipaka mikononi unamdhuru chura, usipojipaka mbu wanakula. Jibu ni nguo: mikono mirefu, suruali ndani ya soksi, nguo zilizotiwa dawa mapema, na mafuta ya mbu yabaki shingoni na usoni, yapakwe na mtu mwingine. Ndiyo, utaomba kupakwa mafuta kama mtoto.

Kisha kuna takataka. Kwenye kambi ya Myers na wenzake, miaka ya sabini, kuku na mbwa walikufa kwa kugusa taka zilizotumika kwenye kazi ya vyura hao. Watafiti walikuwa wazima. Soma tena sentensi hiyo ukimfikiria mama anayewapikia kambini, na watoto wa kijiji wanaookota kila kitu chenye rangi. Pwani ile inakaliwa zaidi na watu weusi, wajukuu wa waliopelekwa utumwani, na jamii za wenyeji wa asili; kuku hutembea chini ya nyumba kama kwetu. Glavu ikivuliwa igeuzwe ndani nje, iingie kwenye kopo lenye kifuniko cha kukaza, na kopo liwe na mtu mmoja anayewajibika kwalo. Muulize msimamizi wako ni nani. Akisema "sote", ujue hakuna.

Nikiwa mkweli, chura si wa kwanza kwenye orodha yangu ya hofu. Katika kusoma kwangu kote sijakutana na habari ya mtafiti aliyeuawa na chura wa dhahabu. Waliokufa, na ninawakumbuka kwa majina, wamekufa kwa mambo mengine. Joe Slowinski, bingwa wa nyoka kutoka California, mwezi Septemba 2001 kule kaskazini mwa Myanmar alitia mkono kwenye mfuko wenye nyoka mdogo aliyedhaniwa hana sumu. Wenzake walimpulizia pumzi kwa saa nyingi, kwa zamu, wakisubiri helikopta ambayo mawingu yaliizuia. Alikufa siku iliyofuata. Al Gentry, aliyejua mimea ya Amerika Kusini kuliko karibu kila mtu, na Ted Parker, aliyewatambua ndege kwa sauti, walikufa pamoja Agosti 1993, ndege yao ndogo ilipoanguka Ekwado.

Kwenye msitu wako, anayenitisha ni nyoka mwenye sumu aitwaye Bothrops asper. Ana rangi ya majani makavu, analala kwenye majani makavu, na chura wako naye anatafuta sisimizi na utitiri kwenye majani hayo hayo. Wewe utakuwa umeinama hapo hapo, macho yakitafuta rangi ya njano, mkono ukitangulia. Kijiti kitangulie, mkono ufuate. Gambuti ndefu kila siku, hata kwenda kujisaidia. Bahati yako ni kwamba vyura hawa hutembea mchana, kwa hiyo kazi nyingi haitakuwa ya tochi.

Malaria nayo ipo, na najua utakachosema: mimi mtoto wa Muheza, malaria ni ndugu yetu. Ulikuwa. Kinga ya utotoni hupungua ukikaa Ulaya. Tena kule, mbali na ile tuliyoizoea, kuna aina iitwayo vivaksi, ambayo hujificha kwenye ini ikarudi miezi baadaye, uko darasani Ujerumani na daktari anakutibu mafua. Meza dawa za kinga kama Mjerumani.

Mvua usiilinganishe na masika yetu. Mji wa Quibdó, kaskazini zaidi kwenye ukanda huo huo, hupata zaidi ya milimita 7,000 kwa mwaka; Dar es Salaam ni kama 1,100. Mto unaouvuka asubuhi kwa miguu huenda jioni usiuvuke kabisa. Na Cauca ina makundi yenye silaha, hilo halifichiki. Siku wenyeji wakisema leo msipande juu, hampandi, hata kama profesa ana tiketi ya ndege.

Kwa hiyo kabla ya kusaini chochote, mwandikie msimamizi barua pepe, si mazungumzo ya kwenye korido, umuulize: kutoka kambini hadi hospitali yenye dawa ya nyoka ni saa ngapi kwa boti, usiku, mvua ikinyesha? Nani ana simu ya setilaiti, na akiumwa yeye anaishika nani? Bima inalipa uokoaji au inalipa mazishi tu? Wangapi kwenye timu wanajua kukandamiza kifua moyo ukisimama? Kwa sumu isiyo na dawa, kinachobaki ni mikono ya wenzako na muda. Profesa mzuri atakuwa na majibu tayari. Akikasirika, hapo umejibiwa pia.

Sasa fomu. Jaza "Ndiyo". Andika tarehe, eneo, chura alivyokuwa, dakika ulizomshika, dalili na muda zilipoisha. Hadithi ya maharage yaliyochacha iishie hapo. Huenda wakakupeleka kwa daktari wa mzio akupime, huenda wakakupangia mwaka wa kwanza kuchambua matumbo na wadudu badala ya kushika vyura. Huenda pia, na hili limewahi kutokea, wakamweka mwingine. Utaumia. Lakini fikiria fomu yenye "Hapana" na wewe chini ya mti Cauca, pumzi nzito, na mtu aliyepiga magoti mbele yako akijiuliza: ni sumu? Ni mzio? Ni malaria? Jibu unalo wewe, na kwa wakati huo huwezi kusema.

Nakwambia kwa sababu nilifanya. Mwaka 1998, milimani, nilificha homa siku tatu kwa kuwa chura niliyemtafuta miaka miwili alikuwa ameanza kulia. Siku ya nne sikusimama. Vijana wanne wa kijiji walinibeba kwa machela ya matawi, kushuka, saa nane. Mmoja aliteleza kwenye jiwe lenye ukungu, machela ikamwangukia mkono, ukavunjika juu ya kiwiko. Mimi nilipona kwa wiki moja. Yeye alikuwa fundi seremala, na mkono ule haukunyooka tena. Kila nikimkuta ananiita "mzee wa vyura" akicheka. Mimi bado sijaweza kucheka.

Mama yako. Usimtumie video nyingine ya kumpinga kaka yako. Wala usimwambie "nitakuwa salama", hiyo huna uwezo nayo na yeye anajua. Mpigie siku asipokuwa na haraka, umweleze habari ya yule chura wa masika, yote, pamoja na uongo wa maharage. Atafoka. Mwache afoke. Kinachomuuma si sumu ya Kolombia, ni kuwa mbali na mtoto ambaye amezoea kumficha mambo, na mama hujua hata pale asipoambiwa. Akishatulia, mpe majibu ya msimamizi uliyoyapata kwa maandishi, mpe siku za simu, na umpe jina la mtu kwenye timu atakayempigia kama wewe huwezi. Ukitaka kumweleza kwa nini kazi yenyewe ina maana, mkumbushe wale vyura wadogo wa maporomoko ya Kihansi: walijulikana kwa sayansi mwaka 1996, bwawa la umeme likakata maji yao, mwaka 2009 wakatangazwa kutoweka porini, na wakarudishwa 2012 kwa sababu wachache walikuwa wamehifadhiwa Marekani. Na ugonjwa wa kuvu unaoua vyura dunia nzima ulionekana hapo pia, kwa hiyo gambuti zako za zamani zisikanyage Kolombia bila kuoshwa kwa dawa.

Usimwombe radhi kwenye simu hiyo. Mwombe kitu kingine. Muulize alitumia nini kukuachisha ziwa. Kama ni shubiri, kama wanawake wengi wa kwetu, mwambie akutumie kipande kwa mtu anayekuja huko, ukiloweke, upake kwenye kucha asubuhi na usiku kuanzia sasa, na uache kabisa wiki tatu kabla ya safari ili chura asionje uchungu wa Muheza. Mwambie ni yeye tu aliyewahi kukutoa kitu mdomoni ukaacha.